Swali la Zuhura Kuhusu Bahari

Jumatano, Dindira

Ratiba ya safari ya Pangani niliipanga mwenyewe: Jumamosi watoto arobaini wa darasa la sita wafike saa tano kwenye fungu, ule mchanga mweupe katikati ya bahari ambao watalii huufuata kutoka mbali, wale pilau na kucheza hadi saa tisa.

Leo nimempigia simu nahodha wa boti. Akacheka.

"Mwalimu, saa nane hakuna fungu. Maji yatakuwa yamejaa, mchanga wote uko chini. Njooni alfajiri."

Sikujua. Huku kwetu milimani maji hujaa mvua ikinyesha, basi. Na kama nisingepiga simu? Mimi hata kuogelea...

Kinachoniuma zaidi ni Zuhura. Wiki iliyopita alinyoosha mkono: "Mwalimu, bahari nayo hujaa na kupungua kama mto wetu?" Nikamjibu kwamba bahari imejaa siku zote, akae chini. Darasa zima likamcheka.

Kesho nitamwomba asimame aulize tena. Lakini sijui ni mangapi mengine nimewafundisha kwa uhakika ule ule.