Rundo Limepita Mstari

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi ni mzima, ila vumbi la mbao limeniingia mpaka kwenye nyusi. Barua hii anakuletea dereva wa lori la magogo. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema.

Nasikia kamati yenu inakutana kuamua kama kampuni yetu iingie kwenye msitu wa umma. Mitambo ya hapa inachoma vipande vya mbao kutoa umeme, na mbao zinakwisha. Msimamizi ametuambia wazi: msitu usipofunguliwa, walioajiriwa mwisho ndio watakaotoka kwanza. Mimi ndiye wa mwisho. Naendesha tingatinga la kusukuma rundo la vipande hivyo, nimelipenda, na sitaki kurudi nyumbani kushona vifungo. Tafadhali, inua mkono kwa ajili yangu.

Mwanao, Kifungua Mimba

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, isipokuwa magoti. Nilianza kupanda kilimani kutafuta mtandao nikupigie, yakagoma njiani, basi nimeshika kalamu. Wewe na nyusi zako hamjambo?

Mkutano ulichacha. Jirani yetu mjane alisimama akasema ule ni msitu wetu sote, na mti unaochomwa kwa siku moja haukui kwa siku moja. Bwana wa kampuni akajibu kwamba watachukua matawi na miti iliyoanguka tu, na kwamba kuchoma kuni ni afadhali kuliko kuchoma mafuta. Mwalimu akauliza nani atakuwa msituni kuwaangalia. Wakabishana mpaka koo zikakauka. Kura zikalingana, nikabaki mimi.

Nilikuwa nakubaliana na mjane kwa kila neno. Nikainua mkono upande wa kampuni. Sasa hanisalimii, lakini wewe una kazi. Na umeme wenu umefika huku: cherehani yangu ina mota, nashona kama kijana.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mwili ni mzima, ila sina amani.

Magogo yanayokuja ni manene na mabichi, yanavuja utomvu. Siyo matawi, Baba. Yanakatwakatwa na kurundikwa yakiwa na maji, na mbao mbichi zikirundikwa hupata joto zenyewe, kama samadi. Ukutani kuna mstari mwekundu ambao rundo halitakiwi kuupita. Siku hizi mstari hauonekani, umefukiwa. Asubuhi kilele kinafuka na kinatoa harufu chachu. Msimamizi anasema ni mvuke.

Jana nikiwa juu ya rundo na tingatinga, gurudumu la nyuma lilizama ghafla. Nilipochungulia shimoni, joto likanipiga usoni. Ndani panaungua, Baba, na pamebaki uwazi mtupu. Nilishuka mbio.

Jumatatu mchana wanataka nipande nilipasue rundo ili lipoe. Mwenzangu wa zamu anasema ukilipasua, hewa inaingia na moto unalipuka. Nilimwambia msimamizi naogopa, akanijibu kwamba wanaokitaka kiti changu wamejaa langoni. Nikikataa, mkono wako utakuwa uliinuliwa bure. Niambie la kufanya. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mwanao

Ijumaa, 5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Salamu baadaye.

Usipande. Teremka, vua kofia yao, uje nyumbani hata kwa miguu. Mkono ule niliuinua mwenyewe, wewe hunidai wala sikudai. Vifungo vya kushona vipo tele.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kutaka kuirudisha kura yangu. Akacheka, akasema miti imeshalala. Kisha nikaenda kwa mjane. Akanisogezea kigoda, nikaketi. Naogopa, mwanangu, sijui kukuficha. Dereva ameahidi kukupa barua hii mkononi kabla ya Jumatatu.

Baba yako

Jumatano, 10 Mei

Mwanangu,

Umeme umekatika tangu juzi mchana. Watu wanasema nguzo imeanguka mahali, nami naitikia, ndiyo, nguzo.

Leo asubuhi malori yamerudi yakiwa bado yamejaa magogo. Dereva wetu alisimama mbele ya nyumba, akakataa maji, na hakunitazama usoni. Anasema lori lilimharibikia njiani. Alipofika juzi jioni, askari walikuwa wamefunga lango na hawamruhusu mtu kuingia. Amenirudishia barua yangu. Haijafunguliwa.

Nimepanda kilimani, magoti yapende yasipende. Simu yako haipatikani. Mjane yuko huko juu sasa hivi, amesema atapiga mpaka chaji imwishie.

Labda ulikataa mwenyewe. Tangu utotoni una kichwa kigumu, na nimekugombeza sana kwa hilo. Naomba Jumatatu ile uwe ulikuwa na kichwa hicho.

Kesho naondoka na lori la kwanza. Barua hii sitampa mtu, naileta mwenyewe mpaka langoni kwenu.

Naona nimesahau kukusalimu mwanzoni. Nakusalimu sasa, na safari hii nataka kujibiwa. Hujambo, mwanangu?

Baba