Kwa Shangazi wa Benchi la Jumanne

Shangazi Mwanaidi mpendwa,

Huko kaburini nadhani umeshamjua kila aliyekutangulia, ugonjwa uliomuua na nani alimwosha.

Mimi bado naandika shajara. Leo nimefungua ile ya mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwaka ambao chakula hakikupita kooni na nilikuwa nalia bila kupigwa. Wewe ulisema ni uchovu wa mitihani, ukanichemshia supu ya pweza. Supu ilikuwa nzuri. Kilio kikaendelea.

Mwalimu wangu akaniambia kituo cha afya kimefungua chumba cha ushauri kwa vijana, kila Jumanne. Hakuniambia kwamba ili ukifikie lazima upite mbele ya benchi la wagonjwa wa presha, na kwamba Jumanne ndiyo siku yako. Wazee tisa, shikamoo tisa, na baada ya kila marahaba, swali: umefuata nini? Nimeandika hapa: "Jumanne. Nimeulizwa na wote. Shangazi ameuliza mara tatu. Nimesema jino."

Jumanne ya pili nikasema jino tena. Ukanijia nyumbani na karafuu, ukasimama mpaka nimezitafuna. Ya tatu ukanishika mkono mbele ya benchi zima, ukanifikisha mwenyewe kwa daktari wa meno. Aliposema meno yangu mazima, ulimwambia atazame vizuri, mtoto wa kaka yako si mwongo. Akatazama vizuri. Mlango wa chumba cha ushauri niliuona kwa pembe ya jicho, hatua kumi kutoka kwenye kiti cha daktari, nami mdomo wazi. Nikarudi nyumbani.

Ndipo halmashauri na shirika moja la vijana wakaita kikao cha wazazi, vijana na wauguzi, wajue kwa nini hakuna kijana anayeingia mle. Wewe ulichaguliwa kuwakilisha wazazi kwa sababu unamfahamu kila mtu. Mimi nilichaguliwa kuwakilisha vijana kwa sababu ya mwandiko. Afisa wa halmashauri alileta michoro ya mabango. Muuguzi akapendekeza vijana wapewe soda. Ukaunga mkono soda.

Nilipopewa nafasi nilisoma shajara, Jumanne zote tatu. Jina lako nililiruka. Nikamalizia kwamba mimi mwenyewe sina nguvu ya kujaribu mara ya nne. Watu wakatazama sakafu, isipokuwa waliokuwa wanakutazama wewe.

"Kwa hiyo yale meno, Rajabu?"

"Hayakuwa meno, shangazi."

Ukamwambia afisa mabango yake yangoje. Benchi ligeuzwe litazame ukutani. Kijana asalimie mara moja kwa wote. Na mzee atakayemuuliza alichofuata, apelekwe mwisho wa foleni. Afisa akasema atalifikisha wazo kwa wakubwa. Ukamuuliza benchi lina wakubwa gani. Mchana uleule ukaligeuza wewe na muuguzi, na presha yako hiyohiyo. Wenzio walikununia mwezi mzima.

Jumanne ya nne nilipita. Nikasema "Shikamooni," ukaitikia pamoja na wenzio, na bega lako lilitetemeka kwa swali lililokukwama. Nilikaa ndani saa nzima. Nilipotoka, zamu yako ilishapita na wewe ulikuwa bado umekaa, peke yako, umeukazia macho ukuta. Tukarudi pamoja. Njia nzima ulinieleza bei ya nazi, ndoa ya binti wa jirani, samaki wa pwani ya Ushongo wanavyopungua. Hukuuliza neno. Sijaona mtu akifanya kazi ngumu kiasi kile.

Tulipofika kwako nikakuambia mwenyewe, yote. Ulisikiliza, kisha ukasema mwaka aliofariki mumeo hata wewe chakula kilikuwa hakipiti.

"Ulimwambia nani?"

"Hapakuwa na chumba, baba."

Kamati iliyozaliwa na kikao kile bado ipo, nami ndiye mwandishi wake. Mwezi huu tumekubaliana na halmashauri kwamba Alhamisi chumba kiwe cha wazee. Niliandika uamuzi huo kwa mwandiko wangu bora, nikatoka nje, nikakaa kidogo. Ulistahili kuwa wa kwanza kuingia.

Lala salama, shangazi. Dua yako naisoma kila Ijumaa, na sisahau.

Mtoto wa kaka yako