Nakala ya Barua ya Kiwanja

Zamzam mwanangu,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Ile barua ya kiwanja chetu imeliwa na mchwa, ndiyo maana nilidamka kwenda ofisini. Ndugu karani kafungua faili: "Mzee, ondoa shaka, nakala ipo." Ipo kweli, ila nyeupe! Karatasi ya kaboni waliigeuza walipokuwa wanachapa, maandishi hayakushika, mkubwa akagonga muhuri bila kutazama, miaka minane hakuna aliyeifunua. Sasa wanataka namba iliyokuwa kwenye barua, la sivyo kiwanja wampe mwingine.

Narudi kuwabana. ~~Usihangaike.~~ Fungua sanduku la marehemu mama yako. Aliinakili ile barua kwa mkono, nikamcheka, eti serikali haipotezi kitu. Isome yote, kisha nifuate kabla ya adhuhuri.

Usiniambie ipo. Niambie inasemaje.

Baba yako