Nafasi ya Jina

Mujukulu yangu Mujinga,

Jambo sana na masomo yako kule Lubumbashi. Huku Kamina tuko muzima, na mama yako anakukaushia samaki ya Kinkondja. Uliniuliza kama ku formulaire, ile fomu unatengeneza mu ordinateur, mu kompyuta yako, jina ya muntu uipatie herufi kumi tu, ili isikule memware mingi, ni kusema nafasi ya kompyuta.

Wakati ya vita, minyi njo nilikuwa naandika ku mashini majina ya bantu benye kukimbia vita kule Malemba na kufika huku Kamina. Karatasi ilikuwa kidogo, basi nikawa nakata majina: Ngoy K., Ngoy M. Siku moya mama mumoya akakuja kutafuta binti yake Ngoy Kabange. Ku liste nikakuta ba Ngoy K. kenda. Akaniangalia, akasema polepole: "Papa, minyi nilimupatia jina yote."

Tulizunguka naye siku mbili, nyumba kwa nyumba, mama akiita jina yote, Ngoy Kabange wa Mwanza, ile Mwanza ya kule Malemba, mpaka binti akaitika.

Toka pale sikukata tena jina ya muntu. Na weye uko na nafasi kupita karatasi yangu. Jaribu kuandika jina hii yangu mu formulaire yako, uangalie kama inaenea:

Babu yako, Ilunga Banza wa Mwilambwe, mutoto ya Mama Numbi wa Kinkondja.