Matete ya Mbele ya Nyumba

Kahindo, mjukuu wangu,

Salamu toka Butembo. Vita imefunga njia ya Beni, lakini babu yako anacheka bado, nami nampenda kama juzi.

Unauliza, huko Muanda baharini unakopima maji, ufukwe dhaifu unajulikanaje. Tulipooana alinijengea nyumba kando ya ziwa, kijijini Kyavinyonge, niamke nikiyaona maji. Nilifurahi hadi nikalia. Mama yake akatazama paa la matete.

"Haya mulikata wapi?"

"Hapa mbele tu, mama."

"Donc, kumbe mulivua ukingo nguo, mukavalisha nyumba."

Bila matete ya kuyazuia, mawimbi ya msimu wa mvua yalibomoa ukuta. Kwa hiyo ukipima maji, tazama na mapaa.

Tulijenga tena mbali, ziwa halionekani. Niliamka nikimwona yeye.

Nyanya yako