Sangala Asiye na Chumvi

Kalemie

Mama yangu,

Jambo sana. Jambo la kwanza ni langu, la pili ni la wajukuu wako Neema na Jospin, ambao wamesimama nyuma yangu na hawatoki mpaka waone majina yao yameandikwa. Haya, yameandikwa. Goti lako linasemaje na baridi ya huko juu mlimani? Maharage yametoka? Yule mbuzi mkorofi bado anakula nguo kambani? Sisi tu wazima. Mume wangu bado yuko Kabimba kwenye kiwanda cha saruji, anakuja mwisho wa mwezi na vumbi lake, anakula, analala, anarudi. Cherehani yangu haikosi kazi. Watu wanaoana, wanafiwa, wanabatiza watoto, na kote huko nguo inatakiwa, kwa hiyo sina la kulalamika.

Deo, ndugu yangu, najua wewe ndiye unayemsomea Mama barua hii. Kuanzia hapa nitalitaja jina la Mjomba Pio mara nyingi. Usiliruke, wala usijifanye unakohoa ukilifikia. Lisome lilivyo.

Mama, baada ya mazishi ya kaka yako ulinitumia maneno machache tu: uza vitu vyake vyote vya kuvulia, usiniletee hata kimoja. Mjomba hakuacha mke wala mtoto, na kwetu mali ya mjomba ni ya watoto wa dada yake, yaani mimi na Deo, na mimi ndiye niliye karibu. Tena nyumba yenyewe ilitakiwa iwe tupu upesi. Ziwa limepanda mpaka ukuta wa nyuma, na mwenye nyumba anataka kuibomoa kabla haijaanguka yenyewe. Nikasema sawa, nitauza. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Mjomba alikuwa na kitanda kimoja, sufuria mbili, na ukuta mzima wa vitu vya kale vya kuvulia. Kulikuwa na fimbo za mwanzi za enzi za Wabelgiji, zilizounganishwa kwa pete za shaba. Kulikuwa na mulinee, yale magurudumu madogo ya kuzungushia uzi, na vijiko vya shaba vya kumdanganya samaki adhani ni ndagala. Ndoano kubwa kwa ndogo zilikuwa ndani ya mikebe ya sigara, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Vingine aliviokota kwenye nyumba zilizoachwa, vingine alipewa na mapadri wazee waliokuwa wakirudi kwao, vingine alibadilishana kwa samaki. Na kila kimoja kilikuwa kinafanya kazi. Mjomba hakuwa mtu wa kuweka kitu cha kutazamwa.

Ile mulinee kubwa nayo ilikuwepo. Unaijua. Siku Bibi, mama yenu, alipofariki, Mjomba alikuwa ziwani akiijaribu, wala habari haikumpata mpaka alipofika nchi kavu. Alipofika msibani kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, na mkononi alikuwa na sangala. Ulimwambia mbele ya watu wote kwamba hutakula tena samaki wa mkono wake. Nilikuwa mdogo, nimeshika kitenge chako, lakini nakumbuka alivyomweka yule samaki chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Tangu hapo, kila alipotuma samaki wa moshi kwa boti ya Moba, wewe ulimpa jirani yetu Mama Agata. Sisi tulikula majani ya sombe huku tukinusa chakula chetu kikipikwa kwa watu. Na Mama Agata, bila haya, alikuwa anakuja tena kutuomba chumvi ya kumtia. Siandiki hili kukulaumu, Mama. Naandika kwa sababu ndilo lililonikwamisha.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Lubumbashi, mwenye viatu vyeupe, anayenunua vitu vya kale vya kupamba mahoteli. Alivipenda vyote, hata mikebe. Kisha akatoa karatasi, akataka nitie sahihi kwamba vilikuwa mali ya injinia mmoja mzungu wa reli. Nikamwambia ni vya mjomba wangu Pio, mvuvi wa hapahapa. Akacheka, tena kwa upole kabisa.

“Mama, mi najua,” akasema. “Lakini jina ya muvuvi haiongeze bei. Bintu ya muzungu, njo batu banapenda kutundika ku ukuta.”

Hasira haikunijia palepale. Ilinijia baadaye nikiwa nashona, nikajichoma kidole. Nilikuwa nimemwomba anipe wiki moja nifikiri, na karatasi yake bado iko hapa chini ya mkasi.

Mnunuzi wa pili ni Mama Salima, mwenye mitumbwi pale ufukweni. Huyo hana mchezo. Alikuja na Papa Ramazani, mvuvi wake mkubwa, aliyekuwa rafiki wa Mjomba. Mama Salima alizishika ndoano moja moja na kuzijaribu kwa kidole gumba. Alisema ndoano za siku hizi zinanyooka sangala akigeuza kichwa tu, hizi zitawazika wajukuu wake. Alitaka vyote, virudi majini. Nikaanza kufurahi.

“Lakini sinunui leo,” akasema. “Ndoano ya mufu haiingii mu mutumbwi yangu mpaka mutu wa tumbo yao aitupe kwanza, akamate samaki nayo. Bila vile, wavuvi wangu hawatapanda.”

“Mutu gani?”

“Unaona mwengine hapa?”

Mama, unanijua. Mimi ni mtoto wa mlimani. Boti ya Moba ikiwasha mashine tu, tumbo langu linaanza. Wavuvi wake nao waliposikia wakaguna, kwamba tangu lini mwanamke anakwenda kuvua. Mama Salima akawauliza mitumbwi ni ya nani. Wakatazama miguu yao, na mimi nikakosa kisingizio.

Tulitoka asubuhi, mimi, Papa Ramazani na woga wangu. Nilitapika hata kabla hatujapita pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Papa Ramazani ni muungwana, aliangalia upande mwingine. Kisha akanipa ile mulinee kubwa. Nikamwomba nyingine, yoyote, si hiyo.

“Hii njo alikuwa anapenda,” akasema. “Tukianza na ingine, atanuna.”

Uzi wake ulikuwa umejifunga vifundo. Basi hapo nilikuwa nyumbani, uzi ni uzi. Niliufumua wote nikiwa nimeinama, natapika huku nafumua, mpaka Papa Ramazani mwenyewe akacheka. Tukafunga kijiko cha shaba na ndoano, tukakiburuta nyuma ya mtumbwi. Jua likapanda. Hakuna kitu. Nikaanza kuhesabu mashati niliyoahidi watu, nikaona heri yule bwana wa viatu vyeupe.

Halafu mulinee ikalia. Ililia kama cherehani isiyotiwa mafuta, na uzi ukawa unakimbia wenyewe.

“Usivute!” Papa Ramazani akapiga kelele. “Mupe! Mupe kidogo. Sasa vuta. Mupe tena! We mama, unavuta kama unateka maji ku kisima!”

Niliwaita watakatifu wote wa parokia, na wengine nadhani niliwatunga. Tulivutana mpaka mikono ikafa ganzi. Alipotokea juu ya maji alikuwa sangala wa urefu wa mkono wangu, anang’aa. Nililia, Mama, nasema ilivyokuwa. Niliporudi ufukweni ndipo nilipogundua kwamba jua lilikuwa limeanza kushuka, watoto hawajala, na sikuwa nimewakumbuka hata mara moja. Mimi, Mama, ambaye sijawahi kusahau mlo wa watoto hawa. Simtetei Mjomba. Nakuambia tu kwamba nilikaa pale alipokaa yeye, na saa ilinipita vilevile.

Nikamfunga samaki wangu niende kumkaanga. Mama Salima akanishika mkono.

“Unamupeleka wapi?”

“Kwa watoto.”

“Kwa watoto gani? Samaki ya kwanza inakuliwa na mwenye alinyonya titi moja na mufu. Wewe umekamata. Mwenye kukula ni dada yake.”

Nikadanganya upesi, nikasema mama yangu hali samaki, wanamdhuru. Papa Ramazani alikuwa anaosha mtumbwi, hakuinua hata kichwa.

“Hakuli samaki,” akauliza, “ao hakuli samaki ya Pio?”

Basi akaniambia, na Deo, hapa soma polepole. Mjomba alijua, Mama. Alijua miaka yote kwamba samaki wake wanakwenda kwa Mama Agata. Mwenye boti alimwambia tangu safari ya kwanza. Papa Ramazani alimuuliza kwa nini basi anaendelea kujisumbua, na Mjomba akamjibu, “Wacha jirani akule. Harufu itapita kwa dada yangu.”

Kwa hiyo mambo yako hivi. Vitu vyote viko kwa Mama Salima, ghalani, pakavu. Hajavinunua na hatavinunua mpaka wewe ule. Ukikataa, sitakukasirikia. Nitamwita yule bwana wa Lubumbashi, nitatia sahihi karatasi yake, na vitu vya kaka yako vitatundikwa hotelini kwa jina la injinia ambaye sisi sote hatumjui. Nyumba inabomolewa. Hapa mjini hakutabaki mahali pengine penye jina la Pio ila msalaba wake. Mimi nataka virudi ziwani, mkononi mwa Papa Ramazani. Nataka sana, Mama, lakini hili kinywa changu hakiwezi kukufanyia.

Samaki ndiye huyo aliye pamoja na barua hii. Nimemkausha kwa moshi, nikamshonea mfuko wa kitenge na kuufunga mdomo wake kwa mshono wangu mwenyewe. Ukikuta umefumuliwa, muulize mwenye boti. Ukimla, utie taya lake la chini katika mfuko huohuo na kumpa mwenye boti arudi nalo. Lina tundu la ndoano, Mama Salima atalitambua. Najua taya halisemi ni nani aliyekula. Litakavyokuja ndivyo nitakavyoliamini.

Nisalimie katekista wetu, mwambie joho lake nimelianza. Nisalimie wifi yangu, mke wa Deo, apunguze kubeba kuni sasa tumbo limekuwa kubwa. Msalimie Mama Mdogo wa kule kisimani na baba mkwe wa Deo mwenye kifua. Na Mama Agata jirani, msalimie mara mbili, umwambie safari hii abaki kwake.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa namkausha huyu samaki nilichukua chumvi, na Papa Ramazani akaniondolea bakuli. Alisema Mjomba hakutia chumvi samaki wako hata mmoja, miaka yote ile. Alisema mlipokuwa watoto ulikuwa unamgombeza kila mara kwamba anazidisha, basi samaki wako aliwaacha hivyo, utie mwenyewe ya kukutosha. Ndiyo maana Mama Agata alikuwa anakuja kwetu na kibakuli chake.

Na huyu sikumtia. Chumvi iko kwako.

Binti yako wa kwanza,
Feliza