Bomba la Pili la Manowari

Mjukuu wangu Salma,

Huko Perth hamjambo? Hapa Guildford tupo, ila magoti yananisumbua, na mama yako anaunganisha zamu pale hospitali.

Umeniuliza ile manowari ya Waingereza, iliyoundwa enzi za Malkia Viktoria, aliyoitumikia babu yangu, ilishinda vita gani. Sijui, mwanangu. Nilipokuwa msichana nilimpelekea babu picha ya manowari hiyo kutoka kitabu cha shule: chombo chembamba, mabomba manne ya moshi. Nikamuuliza maisha ya humo yalikuwaje. Akasema, "Kazi tu."

Nilikuwa nimechoka na jua, sikuinuka. Baadaye akaweka kidole kwenye bomba la pili. "Chini ya hili nilikuwepo mimi, natia makaa kwenye tanuri. Watu walikuwa juu wanaiona bahari. Mimi nilikuwa naisikia tu ikigonga ubavuni."

Basi. Hiyo ndiyo historia yake niliyo nayo.

Mama yako ndiyo kwanza anaingia, anavua viatu mlangoni. Mpigie simu, muulize kazi imekuwaje. Akikujibu "kawaida tu," usikate.

Bibi yako